Kumsindikiza Mzee Mwenye Maradhi Mengi Hospitali ya Rufaa Mwanza: Mwongozo kwa Ndugu

Ndugu wanaomleta mzazi wao Mwanza kutoka Ukerewe, Sengerema, Magu au Misungwi huuliza maswali yaleyale: tuanzie wapi, tubebe nini, kwa nini kila daktari anaandika dawa zake, na kwa nini mzee aliyeingia wodini akiwa na akili timamu leo hamtambui hata mwanawe. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa safari yenyewe, tangu maandalizi ya nyumbani hadi wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa, na umeandikwa kwa ajili yako wewe mtoto, mkwe au mjukuu uliyepewa kazi ya kusindikiza.

Mzee mwenye maradhi mengi hutibiwa vipandevipande. Kisukari kina kliniki yake, moyo una kliniki yake, macho yana siku yake, na tezi dume iko kwa daktari wa upasuaji. Hospitali zetu nyingi hazina wodi ya wazee peke yao, hivyo mzee hulazwa katika wodi ya magonjwa ya ndani, ya upasuaji au ya mifupa pamoja na watu wazima wengine. Wauguzi hupokezana zamu, madaktari hubadilishana, na anayebaki na habari zote tangu mwanzo hadi mwisho ni ndugu wa karibu. Ukizijua habari hizo vizuri na kuzitoa kwa wakati, matibabu hubadilika.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

Barua ya rufaa. Huduma zetu hupanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Mwanza ni Sekou Toure, kisha hospitali ya rufaa ya kanda, ambayo ni Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa yote. Bima na misamaha hufuata ngazi hizo, kwa hiyo anayeruka ngazi bila barua hujikuta akilipa fedha taslimu au akirudishwa. Dharura haihitaji barua.

Kitambulisho cha taifa, pamoja na kadi ya bima au kitambulisho cha matibabu bila malipo kwa wazee. Msamaha huo ni wa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na unaanzia serikali ya kijiji au mtaa pamoja na ofisi ya ustawi wa jamii. Ushughulikie kabla ya safari, kwa sababu kuufuatilia kwa simu wakati mgonjwa yuko wodini ni mateso yasiyo ya lazima.

Daftari moja na kalamu. Dawa zote za mzee. Majibu ya vipimo vya zamani, picha za eksirei, kadi za kliniki. Miwani, fimbo, meno ya bandia na kifaa cha kusikia kama anacho. Shuka, khanga, sandali zisizoteleza, beseni, kikombe, chupa ya chai na akiba ya fedha.

HATUA KWA HATUA

1. Andika hali ya mzee ilivyokuwa kabla ya ugonjwa huu.

Fanya kazi hii nyumbani, ukiwa umetulia, na uwaulize wanaoishi naye kila siku. Wiki 2 zilizopita alikwenda chooni mwenyewe? Alivaa na kuoga bila msaada? Alimaliza sahani yake? Alijua siku ya gulio? Alitambua sauti za watoto wake kwenye simu? Ameanguka mara ngapi katika mwaka mmoja? Nguo zake zimeanza kumpwaya? Huamka mara ngapi usiku kwenda kukojoa?

Daktari anayemkuta mzee wa miaka 80 amelala kimya kitandani hawezi kujua kama ndivyo alivyo siku zote, au kama juzi alikuwa shambani akipalilia mihogo. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atafutiwe maambukizi, kiharusi au sumu ya dawa, na hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kulitoa. Katika ukurasa unaofuata andika maradhi anayojulikana nayo na mwaka yalipogunduliwa, upasuaji aliowahi kufanyiwa, na dawa yoyote iliyowahi kumdhuru.

2. Kusanya dawa zote katika mfuko mmoja.

Neno "zote" lina uzito hapa. Weka za kliniki, za duka la dawa la mtaani, alizopewa na jirani, za macho, za kuchua, na mizizi au unga wa mganga. Usiache dawa za asili kwa kuona haya, kwa maana baadhi yake huathiri ini, figo au sukari, na daktari asipoambiwa atatafuta chanzo mahali pasipo. Beba vidonge na pakiti zake, kwa sababu maelezo kama "kale kekundu ka presha" hayatambulishi dawa. Kisha andika katika daftari: jina, kiasi, saa za kumeza, na kama kweli anaimeza. Wazee wengi hugawa dozi nusu ili dawa isiishe mapema, na daktari akidhani dozi kamili imeshindwa ataongeza dawa nyingine juu yake.

Yako makundi ambayo unapaswa kuyaulizia kwa jina. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka, zinaweza kuumiza figo za mzee, hasa akiwa pia anameza dawa ya presha kama losartani, enalaprili au lisinoprili pamoja na dawa ya kukojosha. Glibenklamidi ya kisukari hukaa mwilini muda mrefu figo zinapodhoofika, na inaweza kushusha sukari kupita kiasi, ambapo mzee hutoka jasho, hutetemeka na kusema ovyo. Diazepamu ya usingizi huongeza hatari ya kuanguka. Vidonge vya mafua na mzio vya aina ya klorofenirameni, ambavyo wengi tunaviita piritoni, vinaweza kumchanganya mzee akili na kuziba mkojo kwa mwenye tezi dume.

Onyo: kujua haya hakukupi ruhusa ya kukatisha dawa. Ziko dawa za moyo, za kifafa na za jamii ya predinisoloni ambazo zikiachwa ghafla huleta madhara makubwa. Kazi yako ni kuuliza, "Je, hii bado anaihitaji, na inapatana na hizi nyingine?"

3. Panga safari kwa nguvu za mzee, si kwa ratiba yako.

Anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa meli asipangiwe kliniki ya asubuhi hiyohiyo. Alale mjini kwa ndugu usiku mmoja kwanza. Kwa wanaotoka Sengerema na Geita, Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi limeondoa kusubiri feri, lakini barabara bado ni ndefu kwa mwenye nyonga mbovu. Bugando iko juu ya kilima, kwa hiyo panda bajaji au teksi hadi mlangoni na uombe kiti cha magurudumu hapohapo.

Mambo mawili huharibu siku ya safari. La kwanza ni kuacha dawa ya kukojosha ili mzee asisumbuke njiani, jambo ambalo kwa mwenye moyo dhaifu linaweza kuleta maji kwenye mapafu. Uliza mapema kama saa ya kuimeza inaweza kusogezwa. La pili ni kumfungisha mzee kwa ajili ya kipimo cha sukari huku akiwa ameshameza dawa ya kisukari au kuchoma insulini. Uliza siku ya kupewa miadi: afunge au asifunge, na dawa za asubuhi hiyo afanyeje. Beba chakula chepesi na kitu chenye sukari.

4. Ukifika, sema umri wake na uombe kipaumbele.

Wazee wa miaka 60 na kuendelea wanatakiwa kupishwa, na hospitali nyingi za umma zina dirisha au dawati lao. Usisubiri mtu akuone kwa bahati. Mwambie muuguzi wa mapokezi mara moja kama mzee anapumua kwa shida, ana homa, hajala tangu jana au hawezi kukaa muda mrefu. Hifadhi kila stakabadhi ndani ya daftari.

5. Chumbani kwa daktari, anza na jambo kubwa.

Muda ni mfupi, na ukianza na historia ya miaka 20 utaisha kabla hujafika kwenye shida. Sema kwanza kilichobadilika na lini: "Hadi Jumapili alikuwa akitembea, tangu Jumatatu hasimami." Kisha toa daftari na mfuko wa dawa mezani.

Mwache mzee azungumze. Wazee wetu wamelelewa kujibu "salama" wanapojuliwa hali, na wengi humjibu daktari hivyohivyo hata maumivu yakiwa makali. Mama mtu mzima huona haya kusema mkojo unamtoka, na baba huficha kwamba ameanguka bafuni. Mwombe ruhusa mapema, faraghani, kwamba utayasema. Kama anajieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita, tafsiri maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba na bila kuyapunguza.

Omba mambo manne yafanyike ikiwa hayajafanyika: presha ipimwe akiwa amelala na tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama, kwa kuwa kushuka kwa 20 au zaidi katika namba ya juu ni chanzo kikubwa cha kuanguka, figo zipimwe kabla ya kuongezewa dawa, macho na masikio yachunguzwe, na orodha yote ya dawa ipitiwe na daktari au mfamasia. Mzee anayeanguka mara kwa mara kwa sababu ya mtoto wa jicho anahitaji upasuaji wa jicho, na vidonge vya kizunguzungu havitamsaidia.

6. Kabla ya upasuaji au tiba kubwa, muulize mzee anataka nini.

Mara nyingi watoto hukaa ukumbini, mwingine akiwa kwenye simu kutoka Dar es Salaam, wakaamua kila kitu huku mwenye mwili akiwa chumba cha pili. Mzee mwenye akili timamu ndiye anayetoa ridhaa. Muulize analoliogopa zaidi na analotaka kuweza kulifanya tena: kutembea hadi kanisani au msikitini, kukaa na wajukuu, kufa nyumbani kwake. Mpeleke daktari majibu hayo, kisha uliza: tiba hii itampa nini, ina hatari gani kwa umri na maradhi yake, na tusipoifanya itakuwaje?

Kwa mfupa wa nyonga uliovunjika, usicheleweshe mashauriano ya familia hata siku moja. Upasuaji wa mapema, inapowezekana ndani ya saa 48, hupunguza maumivu na matatizo ya kulala muda mrefu. Mzee anayelazwa nyumbani kwa wiki kadhaa akikandwa hupata nimonia, damu kuganda miguuni na vidonda. Na pale ambapo ugonjwa hauponi tena, ulizia tiba shufaa, ambayo hutuliza maumivu na kuisaidia familia, na inaweza kuanza sambamba na matibabu mengine.

7. Wodini, shughulika na mwili wake kila siku.

Chagueni ndugu mmoja wa kupokea maelezo ya madaktari na kuyaandika, hata kama mnapokezana kulala. Zaidi ya hapo, kazi ni hizi.

Asilale muda wote. Misuli ya mzee hupungua haraka sana akiwa kitandani, na siku chache tu zinaweza kumfanya mtu aliyeingia kwa miguu atoke akibebwa. Kama daktari ameruhusu, mkalishe wakati wa kula, msimamishe, mtembeze hadi dirishani.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, na umtazame makalio, nyonga na visigino kila siku. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta sehemu iliyozidi weusi, yenye joto, ngumu au inayouma. Usiisugue.

Mlishe akiwa amekaa wima. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, acha kumlisha na umwite muuguzi, hasa kwa aliyepata kiharusi. Kwa mwenye moyo au figo mbovu, uliza kuhusu chumvi na maji kabla ya kuleta mchuzi wa dagaa waliokaushwa kwa chumvi.

Kama ana mpira wa mkojo, uliza kila siku kama bado unahitajika, kwani kadiri unavyokaa ndivyo maambukizi yanavyokaribia. Mfuko wake ukae chini ya usawa wa kitanda bila kugusa sakafu.

8. Jifunze kutambua kuchanganyikiwa kwa ghafla.

Hili ndilo linalowatisha ndugu kuliko yote, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Mzee aliyekuwa akiongea vizuri anaanza kuona watu wasiokuwepo, anavua nguo, anachomoa dripu, anamwita binti yake kwa jina la marehemu dada yake. Wengine husema ni uzee, wengine husema amerogwa, na wapo wanaomwondoa hospitalini usiku huohuo. Hali hii ni dalili kwamba kuna kitu mwilini: maambukizi ya mkojo au mapafu, malaria, upungufu wa maji, sukari kushuka, mkojo kuziba, choo kigumu cha siku nyingi, maumivu yasiyotulizwa, au dawa mpya. Inaweza kuja na kupungua ndani ya siku moja, mara nyingi ikizidi usiku, na chanzo kikitibiwa wengi hurudi katika hali yao, ingawa huweza kuchukua siku au wiki.

Iko pia sura yake ya kimya, ambayo hupita bila kuonwa: mzee analala kutwa, hali chakula, haongei, na kila mtu anashukuru kwamba "leo ametulia". Hapo ndipo ukurasa wako wa kwanza wa daftari unapohitajika. Mwambie muuguzi waziwazi: "Jana alitaja majina ya wajukuu wote, leo hajui yuko wapi."

Ukiwa kando yake, mvalishe miwani, mtajie siku na mahali kwa upole, mwache apate mwanga wa mchana na usingizi wa usiku, na aketi naye mtu mmoja anayemfahamu badala ya umati. Usibishane naye na usimfunge mikono. Dawa ya usingizi isitolewe na ndugu kwa siri, kwa sababu huongeza tatizo.

9. Usiondoke siku ya kuruhusiwa bila majibu haya.

Dawa zipi ni mpya, zipi zimeachwa, zipi zimebadilishwa kiasi? Zitapatikana wapi karibu na nyumbani? Kliniki ni lini, na je, kliniki mbili zinaweza kuwekwa siku moja au siku zinazofuatana? Ni dalili zipi zituharakishe kurudi? Omba muhtasari wa matibabu kwa maandishi na nakala yake ipelekwe hospitali ya wilaya au kituo kilichotoa rufaa. Kama mtasafisha kidonda, kuchoma insulini au kutunza mpira nyumbani, fanya mwenyewe mbele ya muuguzi kabla ya kutoka. Insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa kwenye friji bila kugandishwa. Pasipo friji, kuiweka ndani ya chombo kilichofungwa vizuri na kukitia kwenye mtungi wa udongo kivulini husaidia kuipunguzia joto.

10. Wiki za kwanza nyumbani.

Ondoa kwa mikono yako dawa zilizokatazwa, la sivyo atameza za zamani na mpya kwa pamoja. Weka taa ya kuendea chooni, toa mikeka inayoteleza, fundisha kuketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Mwenye moyo dhaifu apimwe uzito mara kwa mara. Uzito ukipanda haraka na miguu ikavimba, rudini mapema.

DALILI ZISIZOSUBIRI KLINIKI

Mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kushindikana ghafla, kifua kubana, kupumua kwa shida, kutokojoa kabisa, kuanguka na kushindwa kukanyaga, kuchanganyikiwa kwa ghafla. Ongeza kutapika damu au choo cheusi kama lami, ambavyo ukanda huu wa ziwa tunavifahamu, kwa kuwa kichocho cha miaka mingi huharibu mishipa ya ini na kuifanya mishipa ya koo la chakula ivimbe na kupasuka. Nendeni kituo kilicho karibu, wamtulize, ndipo mpande ngazi.

MAMBO YAKIKWAMA

Fedha zimekwisha naye bado amelazwa. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku hiyohiyo, pamoja na barua ya kijiji. Usingoje siku ya kuruhusiwa.

Dawa iliyoandikwa haipo. Rudi kwa mfamasia au daktari uulize iliyo sawa nayo. Usikubali mbadala wa muuzaji wa duka bila kuwaonyesha orodha yote.

Madaktari wawili wamesema mambo tofauti. Mwombe daktari wa wodi wakutane au waandike kauli moja katika faili, kisha uinakili kwenye daftari lako.

Mzee anakataa kula. Mtazame kinywa kwanza: vidonda, utando mweupe, meno ya bandia yaliyosahauliwa nyumbani. Uliza kuhusu choo na maumivu. Uji mzito kidogokidogo, mara nyingi kwa siku, unapita pale ambapo sahani kubwa ya ugali imeshindikana.

Anataka kurudi nyumbani kabla ya wakati. Usimkaripie wala usimdanganye kwamba ni kesho. Tafuta sababu yenyewe. Mara nyingi ni gharama anazowahurumia watoto, mifugo aliyoiacha, au aibu ya kuogeshwa na mgeni. Ya mifugo na gharama mpe taarifa kamili kwa simu ya aliyebaki nyumbani, na kwa kuogeshwa omba ndugu wa jinsia yake apewe nafasi hiyo.